Tazama Pengo Kabla ya Nembo

Nembo ya kitimwendo ubavuni mwa basi haithibitishi kitu. Rangi ni rahisi. Anayetaka kujua kama usafiri unamfaa kweli mtu mwenye ulemavu aende kituo cha mabasi ya mwendokasi, Dar es Salaam. Njia ya Kimara hadi Kivukoni, iliyoanza kazi 2016, ilijengwa ili abiria aingie garini bila kupanda ngazi, kwa hiyo ni haki kuipima kwa ahadi yake yenyewe.

Basi likisimama, tazama chini, kwenye pengo kati ya sakafu yake na ukingo wa jukwaa. Hakimu hapo ni magurudumu madogo ya mbele ya kitimwendo: yakiweza kuzama, basi limefeli. Usitoe hukumu kwa basi moja. Dereva makini hulisogeza gari hadi ukingoni hata abiria wakiwa wanasukumana; mwenye papara huacha pengo la kuruka. Mhandisi aliweka vimo sawa, lakini sentimita za mwisho ni za dereva, nazo haziji na basi jipya. Ndiyo maana kwangu mafunzo ya madereva yana uzito kuliko umri wa magari.

Kisha toka nje, uingie upya ukitokea barabarani. Kipimo kinachotumika sana kwa njia ya mteremko ni 1 kwa 12: jukwaa la kimo cha sentimita 90 linataka mteremko wa karibu mita 11. Ukiwa mfupi kuliko hapo, mwenye kiti ataomba kusukumwa. Vigae vyenye mistari iliyoinuka, vya kuongoza fimbo nyeupe, vifuate hadi vinapoishia. Vikikupeleka kwenye nguzo au meza ya mchuuzi, umepata jibu.

Ndani ya basi, jina la kituo litajwe kwa sauti na pia liandikwe. Sauti peke yake inamwacha kiziwi. Maandishi peke yake yanamwacha asiyeona.

Daladala haina mteremko wa kupima. Huko mpime kondakta. Je, gari linasimama kabisa, au abiria mwenye magongo anashushwa likitambaa? Kitimwendo kinadaiwa nauli ya mzigo? Aliyebobea humuuliza abiria, "Nikushike wapi?" kabla ya kumgusa. Yule anayemnyanyua juujuu kama gunia, hata kwa moyo mwema, bado mwanafunzi.