Piritoni Haimlazi Mtoto

Usiku wenyewe mnaujua, kwa hiyo sitausimulia wote. Kila nyumba yenye mtoto wa wiki sita huwa nao, iwe Rungwe Mpya, Kasulu mjini au Kibondo: mtoto ananyonya saa mbili, anasinzia saa tatu, anaamka saa tano, na ikifika saa nane analia kilio kisichotaka titi wala kubembelezwa. Mpaka hapo kazi imefanywa sawasawa. Amelazwa ndani ya chandarua, amenyonyeshwa kila alipotaka, amebebwa, amebadilishwa nepi. Kisha mtu mzima, na mara nyingi ni mama na baba kwa kauli moja, anachukua kichupa cha piritoni kilichobaki tangu mtoto mkubwa alipougua mafua, anamimina kijiko. Uamuzi huo ndio ninaouchambua hapa, na hukumu sitaificha hadi mwisho: ulikuwa mbovu. Ulikuwa mbovu hata kama mtoto aliamka asubuhi akicheka.

Tuanze na kilichomo kijikoni. Piritoni, ile ambayo boksi huiita klofenamini, ni dawa ya mzio ya kizazi cha kwanza. Dawa za kundi hili huingia mpaka kwenye ubongo, na kusinzia ni athari yake tu, kazi yake ni nyingine. Sharubati ya kawaida ina miligramu 2 katika kila mililita 5, na kijiko cha chai cha jikoni hakijui mililita: kuna kirefu, kuna kifupi, kuna kilichopinda, na anayemimina kwa mwanga wa tochi ya simu hawezi kusema ametoa nusu au amejaza. Kikaratasi cha sharubati ya Piriton ya Uingereza kinakataza kumpa mtoto asiyetimiza mwaka. Marekani, watengenezaji walizitoa sokoni dawa zao za mafua za watoto wachanga Oktoba 2007, na Januari 2008 mamlaka ya chakula na dawa ikawaambia wazazi wasiwape walio chini ya miaka miwili dawa za mafua na kikohozi zinazouzwa bila cheti. Prometazini, ndugu yake piritoni, ilikatazwa huko kwa umri huohuo tangu 2004, kwa sababu ilihusishwa na watoto kushindwa kupumua. Na wako watoto ambao dawa za aina hii huwafadhaisha badala ya kuwatia usingizi. Hao hulia zaidi, na mzazi asiyejua huongeza kijiko cha pili.

Lakini sumu siyo hoja yangu kubwa. Hoja yangu kubwa ni kwamba kijiko kile kinaghushi dalili. Mwongozo wa WHO na UNICEF unaotumiwa na wahudumu wa zahanati unataja dalili za hatari kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili: hanyonyi vizuri, amepata degedege, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, mbavu zinabonyea kwa ndani anapovuta pumzi, ana homa au amepoa mno, hajongei mpaka aguswe. Sasa mtazame mtoto aliyepewa piritoni saa nane usiku. Saa kumi na mbili asubuhi amelegea, titi analishika na kuliachia, mguu hautikisiki mpaka uufinye. Je, ni dawa au ni maambukizi ya damu? Mama hajui. Muuguzi wa zahanati naye hatajua, hasa ikiwa habari ya kijiko imefichwa kwa aibu. Mtoto mchanga hana namna nyingine ya kusema kwamba anaumwa ila kulia, kukataa kunyonya na kulegea. Kijiko kimoja kinamnyang'anya ya kwanza na kuzichafua mbili zilizobaki.

Kosa hili lingekuwa kubwa popote, lakini Kigoma linazidi. Utafiti wa viashiria vya malaria wa 2017 uliukuta mkoa huu ukiongoza nchi nzima: karibu mtoto mmoja kati ya wanne, katika waliopimwa wa umri wa miezi 6 hadi 59, alikuwa na vimelea. Mtoto wa wiki sita bado ana kinga kidogo aliyopata kwa mama yake, ila tabia ya kijiko haiishii wiki ya sita. Ikishaonekana kwamba inafaa, itatumika mwezi wa nne, wa saba, wa kumi, wakati kinga ile imekwisha na homa ya usiku ina maana nyingine kabisa. Katika mkoa kama huu mtoto anayelia usiku bila kunyamazika anapaswa kushikwa paji la uso na kifua, kuhesabiwa pumzi na, akiwa na joto, kupelekwa kupimwa. Kumnyamazisha kwanza kisha kumtazama asubuhi ni kuupa ugonjwa saa nne za bure.

Mtetezi wa kijiko atasema: mbona watoto wa jirani walipewa na wamekua? Jibu liko kwenye kalenda. Daktari wa watoto T. Berry Brazelton wa Marekani aliwaomba akina mama waandike saa za kilio cha watoto wao, na matokeo yake ya 1962 yanajulikana kwa kila anayesomea kazi hii: kilio hupanda tangu wiki ya pili, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, hasa jioni na usiku, kisha hushuka hadi mwezi wa tatu, na wengi wa watoto hao wazima kabisa. Kwa hiyo chupa hufunguliwa pale kilio kinapokuwa kileleni, na lolote lifanywalo kileleni hufuatiwa na mteremko. Dawa inachukua sifa ambazo ni za wiki ya nane. Ndivyo maji ya tumbo yalivyopata heshima yake, hii gripe water ambayo safu hii haijawahi kuisamehe. William Woodward wa Nottingham aliianzisha 1851, na kwa zaidi ya karne moja ilikuwa na pombe ndani. Pombe ilipoondolewa miaka ya 1990 sifa yake haikupungua hata kidogo, jambo ambalo lilitosha kutuambia kwamba sifa hazikutegemea kilichomo. Kabla ya hapo Wamarekani walikuwa na sharubati ya Mrs. Winslow, iliyouzwa tangu 1849 ikiwa na mofini. Ilisifiwa kwa kuwatuliza watoto, na kweli iliwatuliza, wengine moja kwa moja. Sheria ya 1906 ililazimisha mofini iandikwe kwenye chupa, na 1911 madaktari wa huko waliiorodhesha miongoni mwa wauaji wa watoto. Kila kizazi kina chupa yake, na kila chupa ina mashahidi wake.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: dawa hiyo inauzwa kihalali kwenye duka la dawa muhimu, na wakati mwingine mganga mwenyewe huiandika. Ni kweli. Mpango wa maduka haya, ulioanza kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003, ulileta mafunzo na leseni pale palipokuwa na duka la dawa baridi tu, na hiyo ni kazi nzuri. Lakini ruhusa ya kuuza dawa ya mzio kwa mwenye mzio haigeuki kuwa ruhusa ya kumlaza mtoto asiye na ugonjwa. Muuzaji anayetoa chupa bila kuuliza "ni ya nani, ana umri gani?" ameacha nusu ya kazi yake. Na pale mganga alipoiandika, aliiandika kwa mtoto mwingine, kwa uzito mwingine, kwa ugonjwa aliouona kwa macho.

Wapo watakaonitupia upande wa pili: basi tumzoeshe mtoto kulia peke yake mpaka anyamaze, kama vitabu vinavyosema. Vitabu hivyo nina ugomvi navyo wa siku nyingi. Luther Emmett Holt wa New York aliwaonya akina mama dhidi ya kumbembeleza mtoto tangu 1894. Richard Ferber alileta ratiba yake ya kumwacha alie kwa vipindi mwaka 1985, na yeye mwenyewe hakuwakusudia wachanga wa wiki sita. Vitabu hivi vinadhani mtoto ana chumba chake, na kwamba kulala saa nane mfululizo ni alama ya afya. Watafiti Charles Super na Sara Harkness waliupima mtazamo huo Kokwet, kijiji cha Wakipsigis nchini Kenya, miaka ya 1970. Mtoto wa Marekani wa miezi minne alikuwa ameshafika usingizi mrefu wa kama saa nane. Wa Kokwet alikuwa mbali na hapo, akiamka na kunyonya ubavuni mwa mama. Tofauti ni kwamba Kokwet hapakuwa na mtu aliyeita jambo hilo tatizo. Mama hakulazimika kuinuka, kuwasha taa wala kutengeneza chupa, na mchana mtoto alikuwa mgongoni mwa dada yake. Na kwa Wahadzabe wa Eyasi, utafiti uliochapishwa 2017 uliwafuatilia watu wazima 33 kwa siku 20, ukapata dakika 18 tu ambazo wote walikuwa wamelala kwa pamoja. Usingizi wa vipande ni wa zamani kuliko kitabu chochote. WHO inasema mtoto chini ya miezi minne anahitaji saa 14 hadi 17 kwa siku. Haikusema ziwe za mfululizo, wala ziwe za usiku.

Hapa ndipo bibi zetu wa Buha wanapowashinda vijana wa leo kwa mbali. Bibi aliyekuja kumtunza mzazi hakusoma kitu, lakini alimfunga mtoto kwa mbeleko, akatembea naye uani, akaketi kwanza, na hakumlaza kabla hajalegea kabisa. Wanasayansi wamekuja nyuma yake. Hunziker na Barr wa Montreal walionyesha 1986 kwamba watoto waliobebwa zaidi walipunguza kilio kwa asilimia 43 wakiwa na wiki sita. Watafiti wa RIKEN, Japani, wakaongeza kipimo mwaka 2022: tembea na mtoto anayelia kwa dakika 5 bila kusimama, kisha keti naye dakika 5 hadi 8 akiwa amesinzia, ndipo umlaze, maana kinachomwamsha ni kule kuachana na mwili wa aliyembeba. Tazama mikono ya wazazi wa usiku ule: walitembea vizuri, wakamlaza mara tu macho yalipofumba, akashtuka, wakakata tamaa. Walibakiza dakika chache tu, na chupa isingehitajika. Mtaniambia bibi naye alitoa dawa za mitishamba na uji kabla ya miezi sita. Alitoa, na hapo alikosea kwa sababu zilezile. Ninachomsifia ni mgongo wake, chungu chake nakiacha.

Mengine ya usiku ni mafupi. Alale chali, ndani ya chandarua kimoja na mama au karibu naye, kwenye sehemu yake bapa ikiwezekana. Asilale na aliyekunywa pombe. Mablanketi mazito yakae mbali na uso. Baridi ya Juni na Julai ya nyanda hizi isiwe sababu ya kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha, kwani moshi usioonekana huua nyumba nzima. Mchana mtoeni kwenye mwanga, usiku mnyonyesheni gizani bila mazungumzo. Saa ya mwilini mwake itaanza kushika mwezi wa pili au wa tatu.

Linabaki pingamizi ambalo ni la haki kuliko yote: mama huyu ana jembe la kushika alfajiri, na mchambuzi anayesema "mbebe" hajasema abebwe na nani. Hoja hii naikubali yote, na naigeuza. Kijiko kilitolewa kwa mtoto wakati mgonjwa wa uchovu alikuwa mtu mzima. Tiba ya uchovu ni mikono mingine, na mikono hiyo imo ndani ya chumba. Kunyonyesha ni kwa mama peke yake. Kutembea dakika 5 na kuketi 8 hakuhitaji titi. Kwa walioajiriwa, sheria yenyewe iliuchora mgawanyo huu vibaya: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilimpa mama siku 84 na baba siku tatu, tena ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Baba anarudi kazini kilio kikiwa hakijaanza kupanda, na kileleni, wiki ya sita, hatambuliki na sheria kabisa. Mkulima wa Rungwe Mpya sheria hiyo haimgusi, kwa hiyo hana cha kusingizia: zamu ya saa nane usiku aichukue yeye, mama alale mpaka saa kumi na moja, na kichupa kirudishwe dukani au kimwagwe chooni.