PSP ilivyohamia kwenye simu za Meru na Embu

Ni nadra siku hizi kuona konsoli ya PSP ikiuzwa Makutano mjini Meru, au katika maduka ya simu ya mjini Embu. Sony waliacha kuisambaza mwaka 2014. Gemu zake, hata hivyo, bado zinachezwa kutoka Maua hadi Runyenjes: kandanda ya PES, God of War, GTA ya Vice City Stories. Zimehamia ndani ya Tecno, Infinix na Itel. Namna zilivyohama inastahili kuchunguzwa, maana kampuni kubwa zilijaribu mapema kuunganisha simu na konsoli, zikashindwa.

Nokia walitangulia. Oktoba 2003 walitoa N-Gage, simu yenye vitufe vya gemu pande zote mbili za kioo. Aliyetaka kubadilisha gemu alifungua kifuniko cha nyuma, akatoa betri, ndipo akachomeka kadi nyingine. Mwaka 2011 Sony Ericsson wakaja na Xperia Play, simu ya Android ambayo kioo chake kiliteleza juu na chini yake pakatokea padi ya PlayStation. Ilikuwa kazi nzuri, lakini gemu za kuifaa hazikutosha. Kosa la wote wawili lilikuwa moja: walimtaka mteja anunue chombo kipya, kisha aanze kukusanya gemu upya.

Aliyefaulu hakuuza chombo chochote. Henrik Rydgård, mwandishi wa programu kutoka Sweden na mmoja wa waanzilishi wa Dolphin, emuleta (programu inayoiga konsoli) ya GameCube, alitoa PPSSPP, emuleta ya PSP, Novemba 2012. Msimbo wake uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha.

Kazi inayofanywa na programu hiyo si ndogo. PSP ilitumia prosesa ya aina ya MIPS yenye kasi ya juu ya megahezi 333, na modeli ya kwanza ilikuwa na memori ya megabaiti 32. Karibu simu zote za Android hutumia prosesa za ARM, ambazo haziyaelewi maagizo ya MIPS. Kama kila agizo lingetafsiriwa kila linapotokea, simu ingeelemewa. Kwa hiyo PPSSPP huchukua kipande kizima cha maagizo, hukigeuza kuwa cha ARM, kisha hukihifadhi kwenye memori ili kitumike tena. Mshambuliaji anapokokota mpira kwa sekunde kumi, hesabu za mbio zake hurudiwa mara mamia, ilhali tafsiri ilifanyika mara moja tu.

Picha nazo zina mkalimani wao. Maagizo ya chipu ya michoro ya PSP hugeuzwa kuwa ya OpenGL au Vulkan, ambayo simu inayafahamu. Hapa ndipo simu ya bei nafuu inapopata nafuu yake. Kioo cha PSP kilikuwa na nukta 480 kwa 272 tu. Mwenye simu ya RAM ya gigabaiti 2 akiacha picha kwenye kipimo hicho cha asili, PES inaweza kwenda vizuri. Akikipandisha mara nne ili nyasi zing'ae, mechi inaanza kukwamakwama. Fundi mzuri hukagua mpangilio huo kabla ya kugusa mwingine wowote.

Lakini uamuzi wa busara zaidi ni kwamba PPSSPP haihitaji nakala ya mfumo wa Sony. Gemu inapoomba kufungua faili, kutoa sauti au kuhifadhi matokeo, emuleta yenyewe huitika kwa msimbo wake. Mchezaji anahitaji programu na faili la gemu, basi. Emuleta za PS2 kwa kawaida hudai kwanza faili la BIOS, yaani nakala ya mfumo wa konsoli yenyewe, na wengi hukatia tamaa hapo.

Uchache huo wa masharti ndio ulioifaa Meru na Embu. Diski moja ya PSP ilibeba hadi gigabaiti 1.8, na kupakua faili la ukubwa huo kwa bando kunamuuma mwanafunzi. Likishapakuliwa na mmoja, hata hivyo, huwafikia wengine bure kwa memori kadi, flashi au programu ya Xender. Linafunguliwa kwa programu ya ZArchiver, linawekwa kwenye folda, na gemu iko tayari. Simu zenyewe nazo zimesogea karibu na mfuko wa mtu wa kawaida: Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo, mpango wa kulipia simu ya 4G kwa shilingi 20 kwa siku.

Utamu zaidi uko kwenye mechi za watu wawili. Konsoli mbili za PSP ziliweza kuunganishwa bila intaneti, na PPSSPP imeiga hata hilo. Wanafunzi wawili wa Nchiru, kwenye Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, wakitaka kupambana, mmoja anawasha hotspoti na kuiwezesha seva iliyomo ndani ya PPSSPP. Mwenzake anajiunga na hotspoti hiyo, kisha anaandika anwani ya IP ya simu ya kwanza, ambayo kwenye Android nyingi za zamani ni 192.168.43.1. Ndani ya emuleta, kila simu lazima iwe na anwani yake ya MAC, la sivyo hazitaonana. Dakika tisini zinakwisha bila bando kuguswa.

Pagumu palipobaki ni vidole. Kioo hakina ukingo wa kitufe. Kidole gumba chenye jasho kikiteleza kutoka pembetatu hadi mraba, pasi ya kupenyeza inageuka shuti. Padi ya Bluetooth au ya waya wa OTG huondoa tabu hiyo, na hapo ndipo mtu anaposikitika kwamba Xperia Play haikudumu. Halafu kuna joto: simu ikipata moto, prosesa hujipunguzia kasi, na gemu inakuwa nzito katikati ya kipindi cha pili.

Suala la sheria halikwepeki. PPSSPP yenyewe ni halali, lakini kunakili gemu ya mtu mwingine na kuisambaza bila idhini kunagongana na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001. Hata hizo PES "mpya" zinazosambazwa si za Konami, watengenezaji wa PES, ambao toleo lao la mwisho la PSP lilikuwa PES 2014. Jezi za msimu huu, wachezaji waliosajiliwa juzi na sauti ya mtangazaji Peter Drury vimetiwa na mashabiki. Huo ni ujuzi mkubwa, na unastahili kutumika kwenye kazi ya mtu mwenyewe.

Njia ipo. Zana za PSPDEV ni za bure, hutengeneza programu za PSP kwa lugha ya C, na PPSSPP huziendesha kama gemu nyingine yoyote. Wahadhiri wa kompyuta wa Nchiru na Chuo Kikuu cha Embu, wapeni wanafunzi wenu zoezi hilo muhula ujao: gemu ya matatu kwenye kona za barabara ya Embu hadi Meru, iweze kuendeshwa kwenye simu ya RAM ya gigabaiti 2. Hiyo wataweza kuisambaza kwa memori kadi Makutano nzima bila kumwibia mtu.