Kikapu Kilicholegea

Ndugu msomaji, usinicheke. Mimi mtoto wa Jipe, niliyeishia kidato cha nne, leo nakosoa kazi za Mmarekani ambazo nimeziona kwa picha tu. Lakini kikapu nakijua.

Dale Chihuly alizaliwa Tacoma mwaka 1941. Akiwa mwanafunzi alijifunza kufuma, akawa anaingiza vipande vya kioo ndani ya nguo. Mwaka 1975 akageuza kibao: akachora kwa nyuzi nyembamba za kioo michoro ya mablanketi ya Wanavajo, kisha akabingirisha juu yake kioo cha moto hadi zikagandana. Kazi safi, sikatai. Ila kwangu ni nakala. Blanketi limehamia kwenye chupa, basi.

Mambo yako 1977. Katika makumbusho ya Tacoma aliona vikapu vya zamani vya wenyeji wa pwani ile, vimerundikwa, vimepinda kwa uzito. Mwingine angevinyoosha kichwani mwake. Yeye akauachia moto na uzito wa kioo chenyewe: ukuta ukalegea, mdomo ukaenda upande. Hapo hakuiga ukili, aliiga kuchoka. Kikapu cha bibi yangu, kilichobeba samaki wa ziwani miaka nenda rudi, kimelegea vilevile, upande ule anaokiegemeza kiunoni. Jamani, nilitazama picha ile nikasikia shombo!

Lakini nina ugomvi naye. Mwaka 1979 aliumia bega, akaacha kupuliza mwenyewe. Timu ikapuliza, yeye akichora na kuelekeza. Wapo wanaomsema kwa hilo. Mimi halinisumbui, hata mkeka mkubwa ukili wake husukwa na wengi. Linalonisumbua ni waliosuka vile vikapu vya makumbusho. Jina la Chihuly tunalo sote. Wale, nani anawataja?

(Na usidhani kioo ni cha ng'ambo tu. Kitengela, nje ya Nairobi, Nani Croze alianzisha kazi hiyo.)

Riwaya yangu ina sura nzima ya mnada wa samaki Jipe. Nilikuwa nimeipanga vizuri, kila mtu na fungu lake, kama picha ya kalenda. Jana nimeichana. Naanza upya na kikapu cha bibi, upande uliolegea, na jina lake naliandika kamili.