Nusu Milimita Inayopotea Kwenye Kugeuka

Draiva ya stepa mota ikishukiwa kuwa mbovu Nakivale, anayetafuta nyingine hukabiliwa na nauli ya kwenda Mbarara, na pengine akaambiwa asubiri mzigo wa Kampala. Ndiyo maana katika makazi haya ya wakimbizi wilayani Isingiro kubahatisha ni ghali kuliko kupima. Na mashine ya CNC inayokosea vipimo hutoa ushahidi wa kutosha kabla hujanunua chochote.

Chukua mashine ndogo ya kuchonga mbao: Arduino Uno yenye GRBL, programu iliyoanzishwa na Simen Svale Skogsrud wa Norwei mwaka 2009; draiva za DM542; mota za hatua 200 kwa mzunguko; skrubu inayosogeza meza milimita 5 kwa mzunguko. Draiva ikipangwa kwenye pulsi 1,600 kwa mzunguko, kila milimita inahitaji pulsi 320. Hakuna kifaa kinachoiambia Arduino meza ilipo kweli. Hutuma pulsi, huzihesabu, huamini zimetekelezwa.

Makosa ya vipimo yana sura tatu. La kwanza hukua na umbali: umeagiza milimita 200 ukapata 100. Hapo kagua swichi ndogo za draiva na namba $100 hadi $102 za mipangilio ya GRBL, yaani pulsi kwa milimita. La pili ni ulegevu: meza ikifika alama ileile kutoka kushoto na kutoka kulia, geji husoma tofauti, lakini tofauti hiyo haiongezeki. Nati imechakaa au beringi ya mwisho wa skrubu imelegea.

La tatu ndilo linalosumbua, kwa sababu hulimbikizana. Kazi inaanza vizuri, kisha kila mstari unahama kidogo upande uleule. Wengi hukimbilia kuongeza mkondo wa mota hadi haishikiki kwa joto. Mimi ningeandika programu mbili fupi kwanza. Moja iende safari ndefu, kasi kubwa, igeuke mara chache. Nyingine iende milimita 10 na kurudi, polepole, mara 80. Zote ziishie pale zilipoanzia, zikifika kutoka upande uleule ili ulegevu usiingie hesabuni.

Programu ya kwanza isiporudi pale ilipoanzia, mota imezidiwa: punguza mwongezo wa kasi, $120, safisha reli, pima volti za draiva kazi ikiendelea, hasa umeme ukitoka kwenye sola na inveta. Ya pili isiporudi ilhali mwendo ni wa taratibu, nguvu haina kesi. Chora mstari wa kalamu ukivuka shafti na kaplingi; mstari ukikatika, skrubu ya kaplingi inateleza. Ukibaki mzima, tazama waya wa mwelekeo.

DM542 inataka ishara ya mwelekeo itangulie pulsi kwa angalau mikrosekunde 5. GRBL ya kawaida hubadilisha mwelekeo na kutuma pulsi karibu papo hapo. Ndani ya draiva, ishara hupita kwenye optokapla (opto), na opto haiwaki na kuzima kwa muda sawa. Matokeo yake, kugeuka upande mmoja husomwa sawasawa, kugeuka upande wa pili huchelewa: pulsi moja iliyokusudiwa kurudi inaenda mbele. Kosa ni pulsi mbili kwa kila kwenda na kurudi. Mara 80 ni pulsi 160, yaani nusu milimita kamili. Ukipima kiasi hicho kwenye meza, mshtakiwa amepatikana.

Tiba haina gharama. Kwenye faili la config.h washa STEP_PULSE_DELAY, kisha pakia GRBL upya. Namba $2 nayo huhamisha ukingo wa pulsi unaosomwa na draiva. Kulingana na ulivyofunga nyaya, inaweza kuponya au kuleta ugonjwa huohuo, kwa hiyo rudia programu ya mara 80 kila unapoigusa.

Umeme ukikatika katikati ya kazi ni habari nyingine. Hesabu yote ya pulsi hufutika, hata mashine ikiwa nzima. Kama ina swichi za kikomo, washa $22, amuru $H ili mashine itafute mwanzo wake, kisha urudi kwenye G54, sufuri ya kazi ambayo GRBL huihifadhi hata ikizimwa.