Selimundu ni neno zuri, sentensi zetu ndizo zenye kasoro

JUMAMOSI asubuhi mtoto wa jirani yangu, aliye kidato cha pili, alinibishia hodi akiwa na kijikaratasi mkononi. Chama cha Kiswahili shuleni kwao kilikuwa kimempa kazi ya kuwaeleza wenzake kuhusu ugonjwa wa selimundu, naye alitaka nimkagulie lugha. “Mwalimu, hapa wameandika kila seli ina kiini. Lakini mwalimu wetu wa Biolojia anasema seli nyekundu ya damu haina. Sasa niseme gani?”

Nilikuwa nimejiandaa kusahihisha ngeli na alama za uakifishaji. Kwa swali hilo, sikuwa nimejiandaa hata kidogo. Nikakiomba kile kijikaratasi, nikakisoma mara tatu. Sitasema kilichapishwa na nani, kwa sababu makosa yake si yake peke yake. Nimeyaona kwenye mabango, nimeyasikia redioni na, tuseme ukweli, nimeyasoma hata magazetini.

Wanaokilalamikia Kiswahili cha sayansi aghalabu hulalamikia istilahi. Ati hatuna maneno. Ati hatuwezi kumfundisha mwanafunzi seli ni nini na protini hufanya kazi gani mpaka kwanza tukae chini tuunde msamiati. Mimi nasema maneno tunayo. Hebu litazame hili neno selimundu lenyewe: seli, halafu mundu, ile zana iliyopinda ya kuvunia mpunga. Ukimwonyesha mtu picha ya seli hiyo chini ya hadubini, ataelewa jina lake papo hapo. Wenzetu wa Kongo wanapozungumza Kifaransa huuita ugonjwa huu drépanocytose, jina ambalo nalo limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mundu. (Msomaji anayezungumza Kikuyu au Kikamba atanicheka hapa, maana kwao mundu ni mtu. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuandika kwamba selimundu ni “seli ya binadamu”, na sikuwa na ujasiri wa kumnyima alama zote.)

Nomino basi zipo. Kilichoharibika katika kijikaratasi hiki ni vitenzi, viunganishi, na vile vineno vidogo kama “kila” na “kati ya” ambavyo hakuna kamati ya istilahi inayovijadili.

Tuanze na swali la kijana. “Kila seli ina kiini.” Kosa lipo katika “kila”. Seli nyekundu ya binadamu huanza maisha yake ndani ya uboho ikiwa na kiini, kisha hukitoa kabla ya kukomaa. Hupoteza pia mitokondria, zile sehemu za seli zinazotumia oksijeni kuzalisha nishati. Nafasi inayobaki hujaa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni, molekyuli zipatazo milioni 270 katika seli moja. Matokeo yake yanafurahisha: seli inayosafirisha oksijeni mwilini kote haiitumii yenyewe, bali hujipatia nishati kwa kuvunja sukari bila oksijeni. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Kwa kuwa haina kiini, seli hiyo haiwezi kuagiza protini mpya ya kurekebisha iliyochakaa, hivyo huishi takriban siku 120 tu. Iliyopinda kama mundu huishi siku 10 hadi 20.

Kijikaratasi kinaendelea kusema kwamba seli hizi zina “ukuta”. Hapa sitakawia. Seli za mimea zina ukuta. Za wanyama zina utando. Lakini tofauti hii si ya kutafutia alama za mtihani tu. Seli nyekundu ina upana wa mikromita saba au nane hivi, nayo hulazimika kupenya mishipa myembamba kuliko yenyewe. Hupita kwa sababu utando wake unakunjika. Mwenye kuandika “ukuta” amemnyima msomaji wake picha ya ugonjwa mzima, kwa sababu kinachotokea katika selimundu ni kwamba seli laini imekuwa ngumu, ikakwama njiani.

Imekuwaje ngumu? Kijikaratasi kinasema “hemoglobini imeharibika”, kikanyamaza. Kitenzi “haribika” hutufanya tufikirie tunda lililooza au gari lililokufa barabarani. Sivyo. Protini ni kama shanga zilizotungwa kwenye uzi, kila ushanga ukiwa asidi amino moja. Hemoglobini ina nyuzi nne za aina mbili, na uzi wa aina ya beta una shanga 146. Katika selimundu, ushanga wa sita umebadilishwa: penye asidi glutamiki pamewekwa valini. Zilizobaki zote ni zilezile. Hakuna kilichooza. Mwalimu wa lugha anapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine, kwa kuwa tunalishuhudia kila siku: “kondakta alimpata abiria” na “kondakta alimpita abiria” zimetofautiana kwa irabu moja, lakini mmoja amepanda matatu na mwingine ameachwa kwenye steji.

Asidi glutamiki hupenda maji, valini huyakimbia. Hemoglobini yenye valini inapokwisha kuitoa oksijeni yake, molekyuli hujibanza zenyewe kwa zenyewe zikafanya nyuzi ndefu ngumu ndani ya seli, na seli ikapinda. Ndiyo maana mgonjwa hupatwa na maumivu makali: njia za damu zimezibwa. Ndiyo maana pia mtoto mchanga huonekana mzima kwa miezi ya kwanza, maana bado anatumia hemoglobini aliyokuwa nayo tumboni, isiyo na uzi huo wa beta. Kijikaratasi kilikuwa na nafasi ya kutosha kueleza haya. Nusu ya ukurasa wa pili imechukuliwa na picha ya watu waliovaa makoti meupe wakitabasamu.

Halafu ukafuata msemo ambao umezoeleka mno, “upungufu wa damu”. Sina ugomvi nao kama jina la jumla. Ila msomaji akiambiwa damu imepungua, atafanya anachofanya kila mtu: atatafuta kiazisukari, mboga za kienyeji, na vidonge vya madini ya chuma. Katika selimundu, seli nyekundu huvunjika upesi kuliko zinavyotengenezwa, na chuma cha seli zilizovunjika hutumiwa tena na mwili. Mgonjwa anayeongezewa damu mara kwa mara anaweza hata kuwa na chuma kupita kiasi. “Seli nyekundu zinavunjika mapema” ni maneno manne tu, na hayamtumi mtu dukani kununua asichohitaji bila kupimwa kwanza.

Nimekuja sasa kwenye sentensi iliyonifanya niweke kalamu chini. “Mwenye selimundu hapati malaria.”

Chanzo chake nakijua. Anthony Allison, daktari aliyelelewa hapa Kenya, alijiunga mwaka 1949 na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokuja kupanda Mlima Kenya. Alikusanya sampuli za damu katika sehemu mbalimbali za nchi. Aliona kwamba waliokuwa na hemoglobini hii walikuwa wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini wachache katika nyanda za juu zisizo na mbu wengi. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake: aliyerithi jeni hii kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ni ugunduzi mkubwa, na sehemu yake umefanyika katika ardhi yetu. Lakini angalia “mwenye”. Katika Kiswahili, mwenye jeni moja na mwenye jeni mbili wote ni “wenye”. Wa kwanza si mgonjwa, na kinga yake ni dhidi ya malaria kali, si dhidi ya kuumwa na mbu wala kuambukizwa. Wa pili ndiye mgonjwa, na kwake malaria ni hatari kubwa inayoweza kumwua. Yeye ndiye anayehitaji chandarua na dawa za kinga anazoandikiwa kuliko mtu yeyote nyumbani. Mama akisoma sentensi ile, chandarua atampa nani?

Wataalamu hutumia neno “mbebaji” kwa yule wa kwanza. Silipendi sana. Linamfanya mtu mwenye afya yake aonekane kama amebeba mzigo wa magendo. Nadhani lugha ya kawaida inatosha: “aliyerithi kwa mzazi mmoja” na “aliyerithi kwa wazazi wote wawili”. Ni ndefu, nakiri. Lakini hakuna atakayezichanganya, na zinamwondolea mama mzigo wa lawama. Nasema lawama kwa sababu kijikaratasi kimeandika, bila aibu, kwamba “mama humwambukiza mtoto”. Kuambukiza! Mafua huambukizwa. Jeni hurithishwa, na hapa ni lazima baba awe ametoa yake pia. Kitenzi kimoja kimemgeuza mgonjwa kuwa mtu wa kuogopwa darasani, na kimempa baba ruhusa ya kufunga virago.

Ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, na hata wanaoijua sayansi huikosea. “Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kati ya watoto wanne mmoja atakuwa mgonjwa.” Hesabu si ya uongo. Kiswahili chake ndicho cha uongo. “Kati ya watoto wanne mmoja” ni lugha ya mgao, kama mtu anayegawa maandazi. Nayo “atakuwa” ni ahadi. Nilimsikia mzee mmoja matangani akimfariji kijana aliyefiwa na kifungua mimba: “Zamu hiyo imeshapita, sasa zaeni.” Alikuwa ameisoma sentensi sawasawa kabisa. Aliyemkosea ni mwandishi.

Ukweli ni huu. Kila mzazi kati ya hao ana jeni mbili, moja ya mundu na moja ya kawaida, na humpa mtoto moja tu, kama anayerusha sarafu. Sarafu mbili hurushwa pamoja, ya baba na ya mama. Uwezekano wa zote kuangukia upande wa mundu ni mmoja kwa nne. Uwezekano wa zote kuangukia upande wa kawaida ni mmoja kwa nne vilevile, na nusu iliyobaki ni ya mtoto anayerithi kwa mzazi mmoja. Mimba inayofuata, sarafu zinarushwa upya, wala hazikumbuki zilivyoanguka mara ya kwanza. Familia inaweza kupata wagonjwa watatu mfululizo, au isipate hata mmoja. Ndiyo maana neno linalofaa hapa ni “kila”, lilelile lililokosea pale mwanzo: “Katika kila mimba, mtoto ana uwezekano mmoja kwa nne wa kurithi ugonjwa.”

Niliyaandika haya pembeni mwa kijikaratasi kwa kalamu nyekundu, kijana akisoma begani pangu. Alipofika kwenye sarafu alitoa mfukoni za kwake mbili, akaanza kuzirusha juu ya meza yangu huku akihesabu. Mara nane. Zilipatana upande aliouita wa mundu mara tatu, akanitazama kana kwamba nimemdanganya. Nikamwambia arushe tena.

“Na mtu anajuaje kama alirithi kwa mzazi mmoja, kama haumwi?” akauliza.

Nilimweleza kwamba hupimwa damu. Kipimo kimojawapo hutenganisha hemoglobini kwa umeme, kwa sababu ule ushanga wa sita unabadilisha chaji ya protini. Ni njia ileile ambayo Linus Pauling na wenzake waliitumia Marekani mwaka 1949 kuonyesha kwamba ugonjwa huu umo ndani ya molekyuli. Akalipenda jibu. Kisha akaniuliza kipimo hicho hufanyiwa wapi, na ni pesa ngapi.

Tulikigeuza kijikaratasi, mbele na nyuma. Kilikuwa na nembo tatu na kaulimbiu. Hilo hakikuwa nalo.