Safari za Mwandishi na Riwaya Zake: Tahadhari kwa Mtahiniwa

Huenda umewahi kusahihisha insha ambayo mtahiniwa, akiulizwa kuhusu maudhui ya riwaya, anajaza ukurasa mzima kwa maisha ya mwandishi: alikozaliwa, alikosomea na nchi alizoishi. Kisha anahitimisha kwamba ndiyo sababu riwaya iko jinsi ilivyo. Je, hoja hiyo ina mashiko? Inaweza kuwa nayo, lakini kwa masharti mawili: tarehe zikubaliane nayo na matini yaithibitishe.

Tuchukue mfano wa Said Ahmed Mohamed. Alizaliwa Pemba mwaka wa 1947. Baada ya masomo ya Afrika Mashariki alikwenda Leipzig, Ujerumani, akahitimu shahada ya uzamifu katika miaka ya 1980. Baadaye alifundisha Kenya, kisha Osaka nchini Japani, na hatimaye katika Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani. Ni wachache miongoni mwa waandishi wetu waliotunga kwa Kiswahili wakiwa mbali na pwani kwa muda mrefu kiasi hicho.

Sasa tazama mtego. Utengano, riwaya ambayo walimu wengi wa Kenya waliifundisha kama kitabu teule, ilichapishwa mwaka wa 1980. Mtahiniwa anayedai kuwa ukombozi wa Maimuna ni zao la masomo ya mwandishi Leipzig anakosea, kwani riwaya iliitangulia safari. Maimuna anasawiriwa kwa uhalisia wa visiwani. Anatoka katika nyumba alimofungiwa na babake, Bwana Maksuudi, anaangukia danguro la Mama Jeni, na ni baada ya kuporomoka ndipo anapoanza kujijenga upya. Safari yenye uzito hapa ni ya mhusika, wala si ya mwandishi.

Linganisha na Babu Alipofufuka (2001), iliyotoka mwandishi akiwa Ujerumani. Mhusika mkuu, K, ni mkubwa aliyezama katika anasa. Marehemu babu yake anamzukia na kumzungusha ili ajionee dhiki ya watu aliowapa kisogo. Mpaka kati ya walio hai na wafu umevunjwa. Aidha, nchi inaonyeshwa ikinyonywa na wageni wenye mitaji wakishirikiana na wenyeji wenye tamaa. Mintarafu ya mada yetu, la kuzingatia ni hili: babu anamfanya K awe mgeni katika nchi yake mwenyewe. Hapo tunahisi tajriba ya msafiri, kwa maana akaaye mbali hujifunza kuyatazama ya nyumbani kwa mshangao.

Je, tuseme safari pekee ndiyo iliyozaa mbinu hii? La hasha! Mkumbuke Euphrase Kezilahabi, aliyehitimu uzamifu Wisconsin, Marekani, mwaka wa 1985 na kuchapisha Nagona mwaka wa 1990, riwaya iliyouacha uhalisia wa Rosa Mistika (1971). Ni kweli kwamba wote wawili walisafiri. Lakini pia wote wawili walishuhudia matumaini ya uhuru yakififia kwao. Ughaibuni uliwapa umbali na usomaji mpana. Uchungu walitoka nao nyumbani.

Kwa hivyo, mwalimu, usiwakataze wanafunzi kutaja maisha ya mwandishi. Wafunze kuanza na matini. Watambue kwanza tukio, mhusika au mbinu. Wathibitishe kwa mfano. Ndipo waulize kama tajriba ya mwandishi inaimulika zaidi. Nawe mtahiniwa, kumbuka kuwa msahihishaji hatuzi alama kwa pasipoti ya mwandishi. Hutuza hoja iliyothibitishwa.

Swali la marudio: "Mhusika hahitaji kuvuka bahari ili abadilike." Jadili ukirejelea Maimuna katika Utengano na K katika Babu Alipofufuka. (alama 20)