Shali na Sauti Iliyoifuma

Utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu haukukusudiwa ubakie kimya karatasini. Uliandikwa ili usomwe, na msomaji mwenye sauti nzuri alikuwa nusu ya kazi yenyewe. Shali ya kani, ambayo ndiyo fahari ya wafumi wa Kashmir, ina tabia hiyo hiyo, ingawa wengi wanaoisifu hawalitaji jambo hilo. Kabla ya kuwa nguo ilikuwa maandishi, na maandishi hayo yalipata uhai yaliposomwa kwa sauti.

Maandishi yenyewe huitwa talim, neno la shina moja la Kiarabu na mwalimu na elimu. Ni karatasi zenye alama za mkato: alama hii inataja rangi, ile inataja idadi ya nyuzi. William Moorcroft, Mwingereza aliyekuwako Kashmir mwaka 1822 na 1823, aliieleza kazi hiyo kwa makini. Naqqash alichora pambo bila ya rangi. Mtu wa pili aliutazama mchoro, akaanzia chini na kuita rangi moja baada ya nyingine pamoja na hesabu ya nyuzi zake. Wa tatu aliandika alichokisikia. Watu wa visiwani hawahitaji kufasiriwa jina la yule wa kwanza: naqqash ni ndugu wa nakshi, ile inayochongwa milangoni.

Baada ya hapo talim ilifika kwenye kitanda cha mfumi, ikaghaniwa. Wafumi hawatumii mpisho mmoja unaokwenda ukingo hadi ukingo. Wana vijiti vingi vidogo vya mti, ndivyo hivyo viitwavyo kani, kila kimoja na uzi wa rangi yake. Huingiza mshindio kwa kusikia. Uso wa nguo huwa umelala chini, na kazi yote hufanywa kwa upande wa nyuma, kiasi kwamba anayelifuma ua halioni linavyochanua. Shali moja kubwa yaweza kuwachukua wafumi wawili mwaka mzima, au zaidi.

Uhakiki mwingi wa sanaa hii, hata ule mzuri, umekaa begani kwa mvaaji. Husimuliwa habari za Joséphine, mke wa Napoleon, aliyezipenda mno. Husimuliwa vilemba vya Oman vya sufi ya Kashmir. Husimuliwa mji wa Paisley huko Uskoti, ambao uliiga pambo la buta hata Waingereza wakalipa pambo jina la mji huo. (Wavaa kanga, kwa busara zaidi, umbo kama hilo huliita korosho.) Yote hayo ni kweli. Lakini ni sawa na kumhakiki mshairi kwa kumsifu aliyemnunulia wino.

Historia ya waliofuma si ya hariri. Mkataba wa Amritsar wa mwaka 1846, ambao kwao Waingereza walimuuzia Gulab Singh nchi ya Kashmir, ulimtaka alete kila mwaka farasi mmoja, mbuzi kumi na wawili na jozi tatu za shali. Kodi iliwaelemea wafumi, na mwezi wa Aprili mwaka 1865 waliandamana mjini Srinagar. Askari waliwashambulia, baadhi yao walikufa maji. Miaka michache baadaye vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870 viliua soko la Paris, na vitanda vingi vikanyamaza.

Siku hizi heshima zimerudi. Shali ya kani ilisajiliwa mwaka 2008 kuwa bidhaa ya asili ya Kashmir kwa sheria ya India. UNESCO iliuingiza mji wa Srinagar katika orodha ya miji bunifu mwaka 2021. Si haba. Hata hivyo kinachotajwa ni nguo na mji. Anayeisoma talim hana jina. Wako pia wanaoilaumu kompyuta kwa kuwa sasa hupiga chapa talim, na lawama hiyo imekosea mlango. Kompyuta imechukua kalamu ya mwandishi tu, na bado lazima mtu aisome na mwingine aifume. Hatari iko kwenye mashine za Amritsar, zisizohitaji msomaji wala msikilizaji, na kwenye ujira mdogo unaomfanya kijana akimbie kitanda cha baba yake.

Atakaye kuzitofautisha na aipindue nguo. Katika shali ya mashine nyuzi hupita ovyo nyuma ya pambo, au zimekatwa na kuacha ncha. Katika kani halisi kila uzi hugeuka pale rangi yake inapokoma, ukarudi ulikotoka. Huo ndio upande aliokuwa akiutazama mfumi mwaka mzima, huku akisikiliza.